Milango Mingi ya Elimu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa chama chetu, Buyenzi, Bujumbura)



Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, masheikh wenzangu, mama zetu na dada zetu, wageni wetu mliotoka Rumonge, Gitega na ng'ambo ya ziwa, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti:

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha katika siku hii ya furaha, nami namtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, nawashukuru wakuu wa chama kwa kunipa heshima ya kusema. Niliambiwa niseme juu ya elimu za juu, zile ambazo watu husoma katika vyuo vikuu, kila mmoja akishika kipande chake kidogo na kukichimba miaka mingi. Elimu ni bahari, nami si nahodha. Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu wangu tangu utoto, na katika shule ya serikali nikaishia darasa la sita. Basi sitajifanya mjuzi wa bahari hiyo. Nitawasimulia tu jinsi nilivyoingia majini kwa kiburi, na jinsi nilivyotolewa.

Miaka minne iliyopita halmashauri yetu ilikutana kugawa fedha za sanduku la masomo. Fedha zilikuwa haba, na waombaji walikuwa watatu. Kijana wa kwanza alitaka kusoma hesabu. Wala si hesabu za kujengea madaraja, wala za kuandikia daftari la duka, bali hesabu yenyewe, tabia za namba na siri zake. Wa pili alitaka kusoma biashara, na katika biashara alichagua kipande kimoja: jinsi bei na thamani ya fedha zinavyobadilika mwaka hata mwaka. Wa tatu alikuwa binti. Yeye alitaka kuchunguza barua za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua za wafanya biashara wa ziwa letu la Tanganyika.

Nami nilikuwa mjumbe wa halmashauri. Nilishika ndevu zangu nikauliza: Elimu hii itatufaa nini? Swali langu liliwapendeza wengi. Kijana wa biashara akapewa fedha. Wa hesabu akaambiwa angoje. Binti akaambiwa kwamba barua za wafu hazijengi zahanati. Maneno hayo ya mwisho, ndugu zangu, ni yangu mimi, nami nayakiri leo mbele yenu. Baadaye nilisikia kwamba mama yake aliuza cherehani yake, na binti akaenda chuo kikuu kwa fedha hizo.

Sasa sikilizeni kisa cha nyumba moja hapa hapa Buyenzi. Wenyewe wameniruhusu kukisimulia, lakini sitawataja.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mfanya biashara wa dagaa na nguo. Alifariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mirathi haikugawiwa. Mkewe naye akafariki, akawaacha watoto wale wale. Haikugawiwa. Kisha mmoja wa wale wana akafariki, akaacha mjane na binti mdogo, pamoja na ndugu yake na dada yake. Nyumba ikauzwa kwa faranga milioni 80, na hapo ndipo walipokuja kwangu, fundo juu ya fundo.

Hesabu ya namna hii, ya mauti juu ya mauti kabla ya kugawa, twaiita munasakha, nayo ni kazi yangu. Nilichukua kalamu nikaifanya mali yote kuwa mafungu 40. Katika kifo cha kwanza mke alipata thumuni, yaani mafungu 5. Kila mwana 14. Na binti 7. Mke alipofariki, mafungu yake 5 yakawarudia watoto: wawili kwa kila mwana, na moja kwa binti. Basi kila mwana akawa na 16, na binti 8. Katika kifo cha tatu yale 16 ya marehemu yakagawiwa: mjane wake thumuni, yaani 2, binti yake nusu, yaani 8, yaliyobaki 6, kaka akapata 4 na dada 2. Jumuisheni sasa: kaka 20, dada 10, mjane 2, na yule mtoto yatima 8. Ni 40 kamili. Kila fungu ni faranga milioni 2, na kila mtu akajua haki yake.

Nilijiona mtu. Lakini hebu tuulize: je, hesabu hii niliivumbua mimi? La. Nilifundishwa na mwalimu wangu, naye na mwalimu wake, nyuma hata nyuma. Na katika safu hiyo ndefu yumo Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekaa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Huyu aliandika kitabu cha al-jabr wal-muqabala, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi, kama haya yangu ya Buyenzi. Jabr ni kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Wazungu walipoipokea elimu ile hawakubadili jina. Mpaka leo huitwa aljebra. Na jina la mtu mwenyewe, al-Khwarizmi, limegeuka likawa jina la utaratibu wa hesabu unaoendesha kompyuta, yaani algorithimu.

Tangu siku zile mti ule umetoa matawi yasiyo kifani. Wataalamu wa hesabu ulimwenguni wana orodha moja ya kupangia kazi zao, iliyorekebishwa mwaka 2020, na ndani yake imo milango mikubwa 63. Aliye katika mlango mmoja aghalabu haelewi yanayosemwa katika mlango wa pili. Sisi wa nje husikia jambo hilo tukacheka, tukasema: watu hawa wamepotea katika vyumba vyao. Mimi nilicheka. Lakini tazameni namba zile ambazo kwa Kiswahili twaziita namba tasa, 2, 3, 5, 7, 11, 13, ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Myunani Euclid, yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alithibitisha kwamba namba hizo hazina mwisho. Watu wakazichunguza zaidi ya miaka elfu mbili kwa mapenzi tu. Mwaka 1940 bingwa mmoja wa Uingereza, G. H. Hardy, aliandika kitabu akikiri kwamba haoni kazi yake itamfaa mtu yeyote katika maisha ya kila siku. Kumbe haikupita hata miaka 40! Mwaka 1977, katika chuo cha MIT huko Marekani, watu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walizitumia namba tasa kutengeneza kufuli ya maandishi: kila mtu aweza kuifunga, lakini mwenye ufunguo peke yake ndiye aweza kuifungua. Kufuli za namna hiyo zimelinda siri za benki na za watu wanaonunua vitu kwa mtandao. Waliziita tasa, nazo zimezaa.

Kadhalika mkumbukeni Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977. Alichunguza nyuso za maumbo yaliyopindana, jambo ambalo hata kulieleza ni taabu. Alikuwa akitandaza karatasi kubwa sakafuni na kuchora juu yake, hata binti yake mdogo akadhani kwamba mama ni mchora picha. Mwaka 2014 alipewa Nishani ya Fields, akiwa mwanamke wa kwanza tangu nishani hiyo ianze kutolewa mwaka 1936. Alifariki mwaka 2017, umri wake miaka 40. Lau angalifika mbele ya halmashauri yetu, nadhani ningalimuuliza swali lile lile.

Narudi kwenye nyumba. Fedha zilikuwa hazijagawiwa bado walipofika wageni wawili kutoka Kigoma, watu wa heshima. Walisema kwamba babu yao aliwahi kutoa mali yake kumpa marehemu mwenye nyumba aanzie duka. Baba zao walinyamaza kwa ajili ya udugu, kisha kwa ajili ya vita vya huku kwetu, vilivyoanza mwaka 1993. Na sasa nyumba imeuzwa, wanaomba waangaliwe. Niliwauliza ushahidi. Wakasema wanalo neno la wazee tu.

Tukafungua kasha la bati la marehemu. Ndani yake mlikuwamo karatasi moja, ukingo wake wa chini umeliwa na mchwa. Ilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono wa marehemu mwenyewe, tarehe ya mwaka 1381 wa Hijra, yaani baina ya mwaka 1961 na 1962. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa katika watu wa pale mimi ndiye msomaji. Nikavaa miwani nikasoma kwa sauti: Mimi fulani bin fulani nimekupa, ndugu yangu, faranga elfu nane. Nikawaambia wageni: Sikieni, huyu wa kwetu ndiye aliyetoa, ninyi hamdai kitu, na huenda ninyi ndio mnaodaiwa. Wale wageni hawakubishana. Walitoa salamu wakaenda zao. Mirathi ikagawiwa kwa mafungu yangu 40.

Mwezi wa tatu baadaye yule binti wa barua alirudi kwa likizo. Mjane akamwonyesha karatasi ile kwa kuwa alijua anapenda vitu vya kale. Jioni akaja kwangu, akapiga goti akanisalimia, akasema: Shehe wangu, naomba ruhusa ya kuuliza. Neno hili umelisoma nimekupa. Je, haliwezi kuwa nimekopa?

Ndugu zangu, nilinyamaza kwa muda mrefu. Katika maandishi yale ya kale alama moja husimama mahali pa u na pa o, na herufi ba husimama mahali pa b na pa p pia. Andika nimekupa, andika nimekopa: karatasini ni neno moja. Neno la kwanza lamfanya mtu mpaji, neno la pili lamfanya mdaiwa. Mimi nilijua herufi tangu nina miaka saba. Lakini watu waliozitumia katika biashara ya ziwa, jinsi walivyoanza barua na walivyoimaliza, sikuwajua. Yeye alikwisha kusoma barua zao kwa makumi, na aliniambia kwamba watu hawa, walipokopeshana, waliandika karatasi mbili, moja huku na moja kule. Akauliza: Shehe, ya pili iko wapi?

Tukapeleka habari Kigoma. Wale jamaa wakatafuta, wakaikuta ndani ya sanduku la bibi yao, imekunjwa katika kitambaa. Ilikuwamo nyumbani mwao miaka 60, wala hapakuwa na mtu awezaye kuisoma. Ile haikuguswa na mchwa. Na baada ya elfu nane palikuwa na neno moja zaidi, ambalo katika karatasi yetu lilikuwa limeliwa: nitarudisha.

Hili ndilo tawi ambalo mimi niliita barua za wafu. Nalo lina mabingwa wake. Barua za Kiswahili za kale zaidi zijulikanazo leo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa mbali sana, katika nyumba ya kumbukumbu ya Goa huko Bara Hindi. Udhaifu ule wa herufi, ulionivunja mimi, wazee wa pwani waliuona zamani. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alimfafanulia maandishi ya kale mmisionari Mwingereza W. E. Taylor; na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 kwa herufi zetu hizo, alihimiza ziwekewe alama za kutenga sauti za Kiswahili. Kama ningalisoma kazi zao ningalisita kabla ya kuhukumu. Sikuzisoma, kwa sababu sikujua kwamba hiyo nayo ni elimu.

Basi likawa deni, na sheria twaijua sote: deni hutangulia mirathi. Lakini hapo likazuka fundo jipya. Faranga 8,000 za mwaka ule ni ngapi leo? Wakati ule Rwanda na Burundi zilitumia faranga moja. Ya kwetu peke yetu ilitoka mwaka 1964. Leo faranga 8,000 hazitoshi kununua kitenge kimoja. Siku zile zilikuwa mtaji wa duka. Wanachuoni wana maneno marefu katika jambo hili: wako wasemao kwamba alipwe hesabu ile ile, na wako wasemao kwamba fedha ikianguka itazamwe thamani. Sikuthubutu tena kuhukumu peke yangu. Nikamwita yule kijana wa biashara tuliyempa fedha za chama. Alikaa majuma mawili na madaftari ya maduka ya zamani, akitafuta bei za chumvi, za mchele, za sukari na za kanga, akaonyesha kila moja imepanda mara ngapi. Hakutuambia la kufanya. Alituwekea mizani mezani. Jamaa wa Kigoma na jamaa wa Buyenzi wakatazama, wakapatana kwa sulhu faranga milioni 8, wakapeana mikono.

Huyu naye yumo katika tawi lenye matawi. Watu hudhani elimu ya biashara ni kujua kuuza. Hapana. Mali bila daftari huisha bila habari, na wako wasomi ambao kazi yao ni kusoma madaftari ya watu waliokwisha kufa. Huko Misri, katika Fustat, Cairo ya kale, Mayahudi walikuwa na ghala katika sinagogi la Ben Ezra, ambamo waliweka karatasi zao kuukuu badala ya kuzitupa, kwa kuogopa kuvunjia heshima jina la Mungu. Mwaka 1896 na 1897 Solomon Schechter alipeleka Cambridge vipande zaidi ya 190,000 vya karatasi hizo. Nyingi katika barua za biashara lugha yake ni Kiarabu lakini herufi zake ni za Kiebrania, kama vile zetu zilivyokuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mtu mmoja, S. D. Goitein, alizichunguza miaka mingi, akaandika kitabu cha mijaladi mitano, iliyotoka tangu 1967 hata 1988. Humo twawaona wafanya biashara wa Misri, Tunisia, Aden na Bara Hindi, Mayahudi na Waislamu, wakikopeshana, wakilalamika, wakiulizana hali za watoto.

Juu ya barua hizo hizo mtaalamu wa uchumi, Avner Greif, aliandika mwaka 1989 kwamba wafanya biashara wale waliaminiana kwa sababu aliyemdhulumu mmoja habari zake zilienea kwa barua, na wote wakamkimbia. Mwaka 2012 Jeremy Edwards na Sheilagh Ogilvie wakampinga: walisema kwamba barua zinaonyesha watu wale walikwenda pia kwa makadhi na mahakamani. Mwaonaje? Wakubwa wanapingana, lakini wote wanarudi kwenye karatasi. Kwao, mtu hashindi kwa kilemba chake. Laiti nami ningalirudi kwenye karatasi mara ya pili!

Tena wengine huchunguza mambo ya leo. Mwaka 2007 ilianza Kenya njia ya kupeleka fedha kwa simu iitwayo M-Pesa. Wengi tuliona ni wepesi wa kutuma nauli tu. Tavneet Suri na William Jack wakafuatilia kaya kwa miaka, wakauliza nani ana wakala wa karibu na nani yuko mbali, wakaandika mwaka 2016 kwamba njia ile ilizitoa kaya kama 194,000 katika ufukara wa mwisho, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi katika nyumba zinazoongozwa na wanawake. Hapana mtu angaliyajua hayo kwa kukaa barazani na kukisia.

Basi nikarudia hesabu yangu. Toa milioni 8, zabaki 72. Kila fungu katika 40 sasa ni faranga 1,800,000. Mafungu yalikuwa yale yale, wala sikukosea kugawa. Nilikuwa nimegawa kwa usahihi mali isiyokuwa yetu yote. Ikanilazimu kupita nyumba kwa nyumba: kaka arudishe milioni 4, dada milioni 2, mlezi wa yatima 1,600,000, na mjane 400,000. Kaka alirudisha siku ile ile, Mungu ambariki. Mjane alikuwa amekwisha kulipa karo na kodi. Alinitazama tu. Laki nne zile nilizitoa mimi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, wala si lake.

Huenda mmoja wenu akasema moyoni: Shehe, umetuonyesha faida ya binti, na faida ya kijana wa biashara, je, yule wa hesabu? Nitasema kweli. Yeye hakutusaidia neno lolote katika jambo lile. Alipata ufadhili mahali pengine, yuko mbali, na nilipomuuliza anachunguza nini alinieleza kwa adabu nusu saa nzima nami nisielewe. Huenda kazi yake itafaa watu mwaka ujao. Huenda itafaa baada ya miaka mia, sote tuko makaburini. Huenda isifae kitu ila kuwa kweli. Lakini alipoandika al-Khwarizmi hakuijua Buyenzi, nami nimekula matunda yake kwa miaka 30. Anayepanda mnazi hapandi kwa njaa ya leo. Jamii ipandayo mchicha peke yake itakula mboga, lakini haitapata kivuli.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila aombaye apewe, wala kwamba kila uchunguzi ni wa maana. Fedha zetu ni za wajane na wachuuzi waliojinyima. Nasema tu kwamba swali langu lilikuwa bovu. Badala ya kuuliza itatufaa nini, mambo tusiyoweza kuyajua sisi tusiosoma, tuulize haya: Je, kijana huyu analijua vizuri jambo analolitaka? Yuko mwalimu wa kweli wa kumfundisha? Na akisha kujua, atakuwa tayari kuja kukaa nasi, na kutueleza kwa lugha yetu, kama binti yule alivyokuja kwangu jioni? Mwenye kujibu hayo vema na aangaliwe, awe wa namba, wa bei au wa barua.

Na kwa kuwa leo ni siku ya chama, naomba mambo mawili.

La kwanza ni makaratasi. Katika nyumba zetu yamo makasha ya bati, na mikoba, na misahafu yenye barua ndani ya majalada yake. Msiyachome moto, msiwape watoto wachezee. Yaleteni ofisini yaandikwe na yapigwe picha, kisha mrudishiwe. Ndugu zetu wa Timbuktu mwaka 2012, vita vilipowajia, walisafirisha maandiko yao kwa siri usiku, kwa magari na kwa mitumbwi, hata Bamako. Sisi hatuna vita hivyo. Adui yetu ni mchwa, naye hapigi hodi. Nyumba ngapi zina haki zao au madeni yao ndani ya karatasi ambayo hapana mtu aisomaye?

La pili ni deni. Nimewaambia kwamba deni hutangulia mirathi. Chama hiki tumekirithi kwa wazee wetu, na leo tunakula na kunywa katika sherehe yake. Lakini yuko mama mmoja, yumo humu ukumbini, ameketi upande wa akina mama, ambaye aliuza cherehani yake kwa sababu sisi tulimwambia binti yake kwamba barua za wafu hazijengi zahanati. Binti huyo ndiye aliyetuepusha kula mali ya watu. Cherehani haijarudi. Naiomba halmashauri, kabla ya kugawa fedha za mwaka huu, iilipe cherehani ile. Na mweka hazina akisema kwamba thamani ya fedha imebadilika tangu iuzwe, yuko kijana wetu awezaye kuipigia hesabu. Mimi nitakuwa wa kwanza kutoa.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atusamehe tuliyoyasema tusiyoyajua, awarehemu wazee wetu walioanzisha chama hiki, na awaongoze vijana wetu kila mmoja katika mlango wake.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.